Tupeane uzoefu: Mliotumwa misheni nje mkiwa vijana, kule mlifunzwa nini?

DadaWaUmoja

Hamjambo wapendwa. Leo mchana nilikuwa natoka steji kwa miguu, nikapita kibanda kimoja cha chakula hapa Umoja. Mwenye kibanda alikuwa ameitwa na mteja, wali ukabaki mekoni, ukaanza kushika chini. Mnaijua ile harufu ya ukoko ukielekea kuungua. Nilisimama palepale. Mwenye mkokoteni akanipigia kelele nimpishe, nikasogea, lakini sikuwa Umoja tena. Nilikuwa Antsirabe, Madagaska, jikoni kwa mama yangu wa kule.

Kanisa letu lilinituma mwaka 2017 nikiwa na miaka 23, nikakaa miaka 2. Nilipokewa na mjane mmoja. Kwake wali ukishapakuliwa, ukoko hautolewi. Anamimina maji juu yake, anarudisha sufuria motoni, yachemke mpaka yawe na rangi ya strungi. Hayo ndiyo maji ya kunywa ya nyumba nzima, wanayaita ranovola. Kwetu Machakos ukoko ulikuwa wa kugombaniwa na watoto, sikuwahi kuona ukichemshwa. Siku ya kwanza nilidhani anaosha sufuria, nikainuka nimsaidie kumwaga. Akanishika mkono, akaniketisha, akanijazia kikombe.

Miezi 3 ya kwanza sikuwa na lugha. Kule ni Kimalagasi, na waliosoma wanaongeza Kifaransa. Kiingereza changu hakikunisaidia hata kununua nyanya. Usiku nilikuwa nalia na kitambaa mdomoni ili mama asisikie, na asubuhi nakuta ameniwekea maji ya moto ya kuoga, kwa hiyo alikuwa anasikia. Aliyenifungua ulimi ni ng'ombe. Alipita barabarani, mtoto wa jirani akanionyesha akasema "omby". Nikashtuka, nikamwambia kwetu ni ng'ombe. Akanionyesha kuku: "akoho". Mbwa: "amboa". Majina ya mifugo yao yalivuka bahari zamani sana kutoka pwani hii yetu. Jioni hiyo mama alinitembeza boma zima kutafuta kitu kingine tunachokiita sawa.

Sasa sikilizeni kilichoninyamazisha. Jumapili moja mzee wa kanisa alinieleza kwamba Biblia nzima ilichapishwa kwa Kimalagasi mwaka 1835. Mwaka huohuo malkia wao, Ranavalona wa Kwanza, akapiga marufuku Ukristo, na mwaka 1837 mwanamke aitwaye Rasalama akauawa kwa mkuki kwa sababu ya imani yake. Nikapiga hesabu. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844. Na mimi ndiye nilikuwa nimetoka Nairobi na begi lenye masomo 24 ya kwenda kuwafundisha hao watu! Begi nililisukuma chini ya kitanda. Nikaanza kwenda darasa la Jumapili la watoto, nikaketi nao kwenye mkeka, nikajifunza kusoma.

Nawauliza ninyi. Ulitumwa wapi, na ni siku gani haijakutoka?

KijanaWaKayole

Dada, umenigusa pale pa maji ya moto. Mimi nilikuwa Malawi, 2014, kando ya ziwa kule Nkhata Bay. Mama mwenyeji alikuwa analala chini, kitanda nimelalia mimi. Nilijua baada ya wiki 6.

MamaPacha_Rongai

Wiki sita! 😢

Mgogo_Nairobi

Jamani na mimi niseme, ingawa safari yangu ilikuwa ya kuja huku kwenu. Mimi ni mtu wa Dodoma. Mwaka 2011 nililetwa Nairobi, Kawangware, mwaka mmoja wa kutumika na vijana. Nikajiambia Kenya ni jirani, lugha ni moja, sitapata taabu.

Siku ya kwanza niliingia kwenye hoteli ndogo nikasema, "Shikamoo mama, naomba chai." Akanitazama. "Unaomba ama unanunua?" Nilitoka bila kunywa. Kwetu mtu akikujibu hivyo amekufukuza. Siku ya pili kondakta ananiambia "mbao", nami natazama huku na huku mbao ziko wapi, kumbe ni shilingi 20. Finje ni 50, soo ni 100. Nilikuwa msemaji wa Kiswahili tangu kuzaliwa na nilikuwa bubu.

Lakini kibaya zaidi kilikuwa kanisani. Niliwasimamia vijana nikahubiri dakika 40 kwa Kiswahili changu cha nyumbani, kizuri, nilichokiandika usiku kucha. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Hakuna aliyerudi Jumapili iliyofuata. Hata mmoja. Niliketi kwenye ule ukumbi wa mabati na viti 30 vya plastiki, saa nzima, mvua inapiga juu.

Aliyenitoa pale ni kijana fundi viatu, kibanda chake kilikuwa kwenye kona ya kuelekea sokoni. Nilimpelekea kiatu, akaniuliza kwa nini nina uso wa msiba. Nikamweleza. Akasema bila kuinua macho kwenye sindano: "Hapa usianze na Mungu, kaka. Anza na umekula?" Basi nikaacha kuhubiri kwa miezi 2. Nikawa naketi kwake kila alasiri, nampasia gundi, nasikiliza. Kila kijana wa mtaa ule alikuwa anapita pale. Ndipo nilipowajua kwa majina, nani kafukuzwa nyumba, nani ana mtoto mgonjwa. Walirudi ukumbini wenyewe.

Nilikaa, nikaoa hapahapa. Na sasa nasema "nipe chai" bila aibu, ila mama yangu akija kutoka Dodoma najirekebisha.

MwanaMvita

Ndugu Mgogo pole, lakini usiseme Kiswahili ni cha Dodoma wala cha Kawangware. Wenyewe tuko Mombasa. Huyo Krapf aliyetajwa alifunzwa Kiswahili kwetu, na kamusi yake ilitoka 1882 yeye akiwa amekufa mwaka uliotangulia.

Mgogo_Nairobi

Sikusema ni cha Dodoma, kaka. Nimesema kizuri, basi.

MwanaMvita

Haya, yaishe. Ila niongeze la maana kwa mada. Tukiwa wadogo tulipelekwa kuliona kaburi la mke wa Krapf, Rosine, kule Mkomani upande wa Nyali. Alifariki Julai 1844, na kitoto chake kichanga kikamfuata siku chache tu. Hata mwaka hawakuwa wamemaliza Mombasa. Mimi ni Muislamu, sina misheni ya kusimulia. Lakini mama aliyefiwa na mtoto, mama aliyekufa mbali na kwao, hilo nalifahamu. Kila nikipita upande ule huwa nalikumbuka.

KijanaWaKayole

Asante kwa hilo, mzee wangu.

NjiaYaLoki

Nimesoma hii mada tangu jana na nilikuwa nimeamua kunyamaza. Lakini dada ameuliza siku isiyotoka, na yangu haijatoka.

Nilikuwa Juba, Sudan Kusini, 2016. Nina miaka 24, nafundisha watoto wa chekechea kwenye shule ya kanisa, upande wa Gudele. Ijumaa tarehe 8 Julai jioni tulisikia milio ya bunduki kutoka upande wa ikulu. Jumamosi ilikuwa sikukuu yao ya uhuru, miaka 5, mji ukawa kimya mno, kimya cha kuogopesha. Jumapili asubuhi watu wachache walikuja ibadani, hawa wenye imani ngumu. Hatukumaliza wimbo wa pili. Safari hii ilikuwa karibu nasi. Kila mlio unausikia kwenye meno.

Tuliingia stoo ya shule. Tulikuwa watu 31, nimewahesabu mara nyingi sana. Chumba cha hatua kama 6 kwa 4, magunia ya mahindi na maharage yamepangwa ukutani, tukayaburuta tukazibia dirisha na mlango. Mahindi tele na hatuwezi kuwasha moto, moshi ungetuuza. Watoto walikuwa 14. Kulikuwa na mtoto wa darasa langu, miaka 6, alikuwa amevaa viatu kushoto kulia, na nakumbuka nilikuwa nataka sana kumrekebishia vile viatu na mikono yangu haikuweza.

Sasa hili ndilo sijawahi kuliandika mahali. Watu walinigeukia. Mchungaji alikuwa amesafiri. Mimi ndiye "mtumishi", mimi ndiye nimetumwa kutoka Nairobi, kwa hiyo niombe. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Si kwamba nilikosa maneno mazuri, nilikosa neno lolote. Ulimi ulikuwa umekauka umeshikana juu. Nilikuwa nimeongoza maombi ya usiku kucha mara ngapi Nairobi, na kipaza sauti mkononi!

Kulikuwa na mama anayeuza chai nje ya geti letu. Alikuwa amekimbia na chupa yake ya chai kwapani, ile ya maua mekundu. Akaniangalia, akanipa ile chupa niishike, kama mtu anavyompa mtoto kitu cha kushika ili anyamaze. Kisha akaomba yeye. Kwa Kiarabu cha Juba, polepole, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani juu ya ua. Nilishika neno moja tu alilorudia, "Rabuna fi." Mungu yupo. Alipomaliza akachukua chupa, akafungua, akaanza kuwagawia watoto chai. Kifuniko kimoja kwa kila mtoto. Ilikuwa imeshapoa. Alipima kila kifuniko kwa jicho moja, hakuna aliyezidishiwa, wote 14 wakapata, na kilichobaki akakifunga. "Kesho," akasema.

Na kesho yake ikaja, Jumatatu, na ilikuwa mbaya kuliko Jumapili. Helikopta, vifaru. Tulilala juu ya watoto. Akafungua chupa tena. Jioni ile wakatangaza kusitisha mapigano.

Hatukupoteza mtu kwenye ile stoo. Nje ya stoo sitaki kusema.

Siku chache baadaye nilipata nafasi kwenye ndege ya kuwatoa Wakenya. Nilikuwa na pasipoti. Hiyo ndiyo tofauti yote kati yangu na wale 30, kitabu kidogo mfukoni. Mama wa chai alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nikamwambia sitaki kwenda. Alinisukuma begani, kwa nguvu, akasema kitu ambacho dereva alinitafsiria njiani: "Mwambie mama yake amemlea vizuri."

Nilitua Nairobi saa tisa mchana, nikapanda matatu kwenda nyumbani, kondakta anapiga kelele, muziki juu, watu wananunua karanga dirishani. Nilishuka njiani nikaketi chini kando ya barabara.

MamaPacha_Rongai

Siwezi kuandika. Mungu akutunze mwanangu.

KijanaWaKayole

Kaka. Kaka. Na yule mama?

Mgogo_Nairobi

Yule mtoto wa viatu je?

DadaWaUmoja

Wapendwa, tusimsukume. Ndugu, ukiweza utuambie, usipoweza imetosha.

SwaliGumu

Poleni sana kwa ndugu wa Juba, kweli nimeguswa. Lakini nina swali na naliuliza kwa nia njema. Kwa nini twende nje? Mathare, mtaa wa mabanda, iko mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji. Huyu dada alichangiwa pesa kwenda Madagaska, harambee, nauli ya ndege, viza. Hizo pesa zingesomesha watoto wangapi hapa? Na wale vijana wanaokuja kwetu kutoka ng'ambo wiki 2 ni hivyohivyo. Shule niliyosoma ilipakwa rangi ukuta uleule miaka 3 mfululizo, vikundi vitatu tofauti, picha zikapigwa. Vyoo vilikuwa vimeziba kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi nilikuwa mtoto niliyebeba ndoo ya rangi kwenye hizo picha. Hakuna aliyetuuliza tunataka nini.

Katekista

Swali lako lina haki yake, na hilo la vyoo linauma. Lakini umechanganya mambo mawili. Wiki 2 ni matembezi. Anayekaa miaka 2 akajifunza lugha, huyo ni mgeni aliyekubali kuwa mtoto tena, ni habari nyingine.

Na jambo lingine. Sisi tulizoea kuwa kituo cha mwisho cha wamisionari. Wakonsolata, wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, walifika Tuthu, Murang'a, Juni 1902, bibi yangu alisimuliwa na mama yake jinsi watu walivyokwenda kuwatazama wakila. Basi tukadhani mmisionari ni mtu wa kuja, si wa kwenda. Papa Paulo wa Sita alipofika Kampala 1969 aliwaambia Waafrika kwamba sasa ni wamisionari wa wenyewe kwa wenyewe. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, 1968, Mitume wa Yesu walikuwa wameanzishwa Moroto, Uganda, shirika la wamisionari Waafrika, na leo nyumba yao kuu iko hapa Lang'ata. Kijana wa Mathare naye ana haki ya kutumwa. Asiwe wa kupokea tu maisha yake yote.

SwaliGumu

Hapo mwisho umenishika kidogo. Lakini vyoo bado.

MamaPacha_Rongai

Niingie kwa upande wa pili, upande wa mwenyeji, kwa sababu ninyi mnasimulia kina mama waliowapokea na mimi ni mmoja wao. Nilikaa na msichana kutoka Ujerumani miezi 6, kanisa liliniomba. Alikuwa na miaka 19. Wiki ya kwanza nilimwona anafua jinzi kwa mkono, ananyonga kama anaua nyoka, vifundo vya vidole vikachubuka vikatoka damu, na hakusema. Nilipoona maji ya povu yamebadilika rangi nikamnyang'anya. Akalia. Si kwa vidole, alimlilia mamake.

Nilimfundisha chapati. Zile 10 za kwanza hata mbwa alizinusa akaenda. Lakini siku ya kuondoka alipika za watu 20, zimekunjuka, laini, na watoto wangu wakamwimbia. Mnataka kujua mwenyeji anataka nini? Mgeni aniulize jina la mama yangu. Yeye aliuliza siku ya pili. Wengine wanakaa mwezi na kukuita "hosti" mpaka wanaondoka.

Mhubiri_Kijana

Swali kwa DadaWaUmoja. Nimesikia nyanda za juu za Madagaska wana desturi ya kutoa wafu makaburini na kucheza nao. Ulihudhuria? Kama ulihudhuria, uliwezaje kama mtumishi wa Mungu?

DadaWaUmoja

Nilijua litakuja. Inaitwa famadihana. Inafanywa majira ya ukavu, kuanzia Juni hivi mpaka Septemba, kila baada ya miaka kadhaa. Wanafungua kaburi la ukoo, wanawatoa waliolala, wanawavisha sanda mpya. Makanisa hayako pamoja hapo. Wakatoliki wengi wanaiona ni mila ya kuheshimu wazazi, Waprotestanti wengi wa uamsho wanaikataa kabisa.

Septemba 2018 ilikuwa zamu ya baba yake mama yangu. Kanisa langu huku lingenikataza na nilijua. Yule mama hakunilazimisha. Alisema tu, "Nitakuwa peke yangu, sina binti mwingine." Nilikwenda. Tarumbeta, ngoma, watu wanacheka na kulia kwa pamoja. Sikucheza na sikumgusa marehemu. Nilishika mkeka upande mmoja, mama akaketi na babake mapajani akaanza kumweleza habari za miaka 7 kwa sauti ya chini, bei ya mchele, nani kaoa, na halafu nikasikia jina langu. Alikuwa ananitambulisha kwake.

Unihukumu ukitaka. Sikuondoka pale.

Mhubiri_Kijana

Sikuhukumu dada, lakini naamini ulikosea. Maandiko yako wazi juu ya wafu. Upendo hauondoi mpaka.

Katekista

Na mpaka hauondoi upendo. Yosefu aliwaapisha waichukue mifupa yake kutoka Misri, na Musa akaibeba. Soma tena Kutoka 13.

Mhubiri_Kijana

Kuibeba kwenda kuzika si kuitoa kuicheza.

MamaPacha_Rongai

Vijana, amesema alishika mkeka. Mwacheni.

Mhubiri_Kijana

Sawa mama. Nimenyamaza, sijabadilika.

Naondoka_Agosti

Hamjambo wote. Nimesoma kila kitu, mengine nimesoma mara mbili. Mimi nina miaka 22, niko Dagoretti, naenda Madagaska mwezi wa nane kwa miaka 2. Barua ya kutumwa nimepata wiki jana. Nisaidieni. Nibebe nini? Niogope nini?

KijanaWaKayole

Ogopa mbu. Sisi wa Nairobi tumezaliwa zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, malaria hatuijui, mwili hauna kinga. Kule Nkhata Bay niliona homa nikasema ni uchovu, siku ya 3 nikawa naongea na marehemu nyanya yangu. Lala kwenye neti kila siku.

Mgogo_Nairobi

Beba mwarobaini uliokaushwa. Umenisaidia tangu utotoni.

MuuguziMstaafu

Hapana! Nimeuguza miaka 34 na nimewaona walioletwa wakiwa wamechelewa kwa sababu ya mwarobaini. Homa ikianza, kipimo siku hiyohiyo. Muulize daktari habari ya dawa ya kinga kabla ya kusafiri. Na chanjo ya homa ya manjano uchomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa sababu cheti kinaanza kufanya kazi baada ya hizo siku. Ukishachomwa ni ya maisha, utaratibu ulibadilika Julai 2016, usikubali mtu akwambie imeisha baada ya miaka 10.

Mgogo_Nairobi

Nimesikia, dada muuguzi.

MamaPacha_Rongai

Beba unga wa chapati.

DadaWaUmoja

Unga asibebe, mama, huenda akazuiwa uwanjani. Beba picha za nyumbani, zilizochapishwa, si za simu. Mwenyeji atataka kuzishika mkononi na kukuuliza huyu ni nani.

SwaliGumu

Ukifika uliza kama vyoo vinafanya kazi kabla ya kushika brashi. Nasema kweli, na nakutakia heri.

NjiaYaLoki

Mdogo wangu wa Dagoretti, nitakujibu kwa kuwajibu na hawa walioniuliza.

Mtoto wa viatu sijui aliko. Nimeuliza kwa kila njia. Ninamwombea kwa jina.

Mama wa chai nilimpata. Mwaka 2018 mtu aliniambia amevuka kwenda Uganda, yuko Bidibidi, ile kambi ya wakimbizi ya Yumbe iliyofunguliwa Agosti 2016. Uganda Mkenya anaingia na kitambulisho tu, basi nikapanda basi, Busia, Kampala, kisha safari ndefu ya kaskazini mpaka Arua na mbele yake. Siku ya 3 nikawa naulizia vibanda vya chai, eneo baada ya eneo, na lile ni kubwa kama mji. Nilimwona yeye kabla hajaniona. Amekonda. Meza ya mbao, vikombe, na chupa nyingine, si ile ya maua.

Nilikuwa nimeandaa maneno kwa Kiarabu cha Juba, nimeyakariri njia nzima, ya kumwomba msamaha kwa kuondoka. Aliniangalia juu mpaka chini akasema nimenenepa. Akanimiminia chai, akasukuma sukari upande wangu, akaendelea kuwahudumia wateja. Niliketi pale mpaka jioni nikiosha vikombe.

Ulizia watu uliowaacha. Hilo tu ndilo ninalo la kukwambia.

Naondoka_Agosti

Asante kaka. Sina la kusema. Dada, nifundishe neno moja tu la kuanza nalo.

DadaWaUmoja

"Azafady." Ni samahani na ni tafadhali. Ukipita mbele ya watu walioketi unainama kidogo, unanyoosha mkono wa kulia mbele chini, unasema azafady, unapita. Fanya hivyo hata kwa mtoto. Mengine utafundishwa na mifugo.

Na nyumbani kwako Dagoretti, kabla ya Agosti, waombe wakupikie wali, wauache ushike chini. Mimi yule mama wa kibanda nimesharudi kwake jioni hii. Nilimwomba asiusugue ule ukoko, nimlipe. Alikataa pesa, akanipa sufuria nzima niende nayo, akasema nirudishe kesho kabla ya saa nne kwa sababu anaihitaji. Iko mekoni hapa ninapoandika, imeanza kuchemka.

MamaPacha_Rongai

Tuwekee picha ya rangi yake.

DadaWaUmoja

Ngoja nipate mwangaza, stima imepotea.